Picha Zangu Zote ni za Saa Saba

Mteja aliniuliza, amesimama mlangoni na mkoba kwapani:
"Mbona picha zako hazina alfajiri?
Mbona hakuna magharibi hata moja,
vivuli vyote vimejikunyata chini ya miti yao
kama kuku waliolowa?"

Nikacheka. Nikampa kiti.
Ningemjibu nini? Kwamba Thoya hulala saa saba,
tukijaaliwa hulala hadi saa nane na robo,
na huo ndio ulimwengu wote niliopewa kuchora?

Alfajiri ya Sabaki naijua kwa mgongo:
nimeinamia beseni la nepi,
ukungu unapanda mtoni bila mimi.
Magharibi naijua kwa pua:
moshi, sima inayoshika sufuria,
Jumwa analilia kijiko chekundu, si hicho, kile!
Rangi zinapita juu ya daraja,
zambarau, dhahabu, na ile moja isiyo na jina,
nami nimezipa kisogo, niko juu ya mbuzi, nakuna nazi.

Lakini saa saba.
Saa saba naufunga mlango kwa kamba,
nafungua chupa ya mafuta ya kitani
taratibu, maana kizibo kina sauti na mtoto ana masikio.
Tapentaini hukaa juu ya kabati,
juu kuliko dawa, juu kuliko pesa za ada.
Mto uko pale dirishani, nao umelala,
mpana, mzito, umebeba udongo wa watu wa bara
kwenda kuumwaga baharini bila kuuliza.

Mafuta hayana haraka. Hilo ndilo nililoyapendea.
Rangi ya maji hukauka kabla hujampenga mtu kamasi;
mafuta hukungoja. Jumatatu naweka ukingo wa mto,
Alhamisi narudi, bado laini, bado yanasikia.
Hungoja homa ya meno ipite.
Hungoja kliniki, foleni, chanjo ya surua.
Hungoja pia nzi, vumbi, unywele wangu mwenyewe,
na siku moja yaliungoja mkono wa Thoya:
vidole vitano, katikati ya anga.

Nilipiga kelele kwanza, nisidanganye.
Kisha nikamsugua kwa sabuni ya kipande hadi akawiva,
nikanusa kila kucha,
kobalti, risasi, maneno ya herufi ndogo kwenye tyubu,
nikajiuliza mama gani huyu, na mchoraji gani,
na yote mawili yalikuwa tusi.
Anga niliikwangua. Kidole gumba nilikiacha.
Wanunuzi hudhani ni wingu.

"Mshika mawili," bibi yao husema, wala hamalizii,
huniachia mimi nimalizie.
Sawa. Lakini mimi nimeshika matatu, mama,
na la tatu lina meno mawili, linauma.

Jumamosi iliyopita Kalama alirudi mapema
kutoka kwenye chumvi ya Gongoni, visigino vimepasuka.
Akawabeba wote wawili. "Nenda," akaniambia,
"kachore hiyo jioni yako."
Nikakaa mchangani peke yangu na turubai.
Jua likashuka vizuri kabisa,
likafanya kila lililopaswa kufanya,
nami sikujua pa kuanzia.
Nimezoea kuchora nikisikiliza.
Brashi ilikuwa inangoja kikohozi chumbani.

Jana Jumwa aliamka kabla ya mdogo wake,
akaja kimya, kidole mdomoni, akautazama mto
niliouchanganya siku tatu.
"Hayo si maji," akasema.
"Maji ya huku ni chai. Chai ya maziwa ya jana."

Nikatazama nje.
Nikaongeza nyeupe kidogo, na manjano kwa ncha ya brashi.
Kweli.

Chumbani kitanda kikalia.
Ulikuwa umebaki ukingo mmoja tu.
"Mwambie nakuja," nikasema,
na Jumwa akaenda, akamwambia kwa sauti ya mtu mzima:
"Anakuja. Anamalizia chai."